Jogoo wa Ahadi na Sura ya 345

Tuseme uko Kiomboi, mkoani Singida, Juni, alizeti imeshavunwa. Rafiki yako, uliyemsaidia kukata na kupura bila kudai hata mia, anakupiga begani mbele ya watu: "Nikishauza magunia haya, jogoo wako yupo, ndugu yangu." Agosti inafika. Magunia yameshapelekwa kukamuliwa, nyumba ya mwenzako inang'aa bati jipya, na jogoo haonekani. Unamshitaki?

Swali ni la mzaha, lakini Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, iliyotungwa 1961 kwa kufuata nyayo za ile ya India ya 1872, inalijibu bila kucheka. Kifungu cha 10 kinataka ridhaa huru, watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, malipo halali na lengo halali. Hakuna aliyemshikia panga, na wote mmevuka miaka 18. Akili timamu? Hapo mdaiwa anaweza kujaribu bahati yake, hasa kama ahadi ilitoka baada ya kata ya tatu ya pombe ya uwele. Maandishi si lazima. Ahadi ya mdomo nayo hufunga, kazi ni kuithibitisha, na wewe una mashahidi.

Utamu uko kwenye malipo. Mdaiwa atasema ulivuna kwa hiari yako, hukumuuzia jasho. Mbele ya jaji wa Uingereza hoja hiyo ingekutoa jasho jingine, kwa kuwa huko kazi iliyokwisha kufanywa kabla ya ahadi kwa kawaida haihesabiwi kuwa malipo. Kwetu kifungu cha 25 kimeacha mlango: ahadi ya kumfidia mtu aliyekwisha kukufanyia jambo kwa hiari inafunga. Siku zako za kuinama shambani zimepata thamani. Angekuahidi jogoo kwa mapenzi tu, bila wewe kugusa alizeti, kesi ingekufa hapo hapo.

Usishangilie bado. Wakili wake ataitoa Balfour dhidi ya Balfour ya 1919, kesi ya mume aliyekuwa na kazi Ceylon aliyemwahidi mkewe pauni 30 kwa mwezi. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikataa: watu wa nyumba moja hawakukusudia kufungana kisheria. Na kwa kuwa sheria zetu zilipokea kanuni za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, hukumu hiyo iliwahi kwa mwaka mmoja na ushee. Mimi ningejibu kwamba mavuno si chakula cha jioni cha mke na mume, ila nakiri jaji anaweza kucheka upande wake.

Halafu, jogoo gani? Wa kienyeji aliyekomaa, au kifaranga cha juzi? Ahadi isiyoeleweka ni batili. Na kama mvua ingekatika, kama inavyofanya Singida mara kwa mara, magunia yasingekuwepo, na ahadi iliyotegemea mauzo ingekufa nayo. Mkiwa mmewekeana jogoo kwenye mechi ya Singida Black Stars na Yanga, sahau kabisa: dau la marafiki halidaiwi mahakamani.

Wazee wa Kinyaturu wa huko Singida wangeshangaa tunavyolifanyia utani deni la mfugo. Mwanaanthropolojia Mmarekani Harold Schneider, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu uchumi wa Wanyaturu, aliipa mifugo nafasi kubwa. Mtu aliyemkabidhi mwenzake ng'ombe amtunzie hakuhitaji Sura ya 345 ili akumbukwe ni wa nani.

Hukumu yangu: dai lako lina miguu, ila nyembamba. Ukiamua kulifungua, usikimbilie. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6. Jogoo mwenyewe pengine hatafika huko, lakini bei yake itadaiwa.