Gari moja, maboksi mawili: piga hesabu kabla hujafungua gundi



Leo naongea na wanaouza vitu vya oda mtandaoni: keki, mikoba, viatu vya kubadilishwa rangi, na sisi wa magari ya mfano. Niko Kibirizi, Kigoma. Naunganisha magari madogo ya plastiki, yale yanayokuja kwenye boksi yakiwa vipande vipande, nauza kwa picha na meseji. Oda inayomaliza mtaji haraka kuliko zote ni hotirodi, kwa sababu gari moja linameza maboksi mawili. Nitaeleza linavyoundwa, halafu tuone pesa inavujia wapi.

HOTIRODI NI NINI?

Ni gari la zamani lililofanyiwa marekebisho ili likimbie. Mambo haya yalishika kasi Marekani, hasa California, miaka ya 1930. Vijana walikuwa wananunua gari kuukuu, wanavua madigadi na kila chenye uzito, wanaweka injini yenye nguvu zaidi. Ford ya 1932 ikawa kipenzi chao. Ilikuwa gari la bei ya mtu wa kawaida, lakini lilipatikana na injini ya V8 yenye nguvu za farasi 65.

Kila kijana alitengeneza la kwake, ndo maana hotirodi mbili hazifanani. Mteja naye anataka la kwake: bodi ya Ford, injini kubwa kutoka gari jingine, matairi manene nyuma, paa lililoshushwa. Mara nyingi boksi moja halina vyote hivyo. Hapo unahitaji boksi mama, linalotoa bodi na chesisi, na boksi la vipuri, linalotoa injini na magurudumu.

1. ANGALIA SKELI KABLA YA BEI

Ubavuni mwa boksi kuna namba kama 1/24 au 1/25. Maana yake gari halisi limepunguzwa mara 24 au mara 25. Kwa macho zinafanana, kwa rula hapana. Ford ya 1932 ina milimita 2,692 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Ukigawa kwa 25 unapata karibu milimita 108. Ukigawa kwa 24 unapata 112. Tofauti ni zaidi ya milimita 4, na kwenye gari la ukubwa huu hiyo ni kubwa.

Magurudumu ya 1/24 kwenye gari la 1/25 yanaweza kupita bila mtu kugundua. Chesisi ya skeli moja chini ya bodi ya skeli nyingine haikai. Kwa hiyo usimwambie mteja bei kabla hujasoma namba kwenye maboksi yote mawili. Muuzaji akikutumia picha ya mbele tu, omba na ya ubavuni.

2. UNGANISHA KWANZA BILA GUNDI

Shikiza vipande kwa tepu ya karatasi. Kaa uangalie: injini inaingia kati ya rejeta na ukuta wa chumba cha dereva? Ekzosi inagonga chesisi? Gurudumu la mbele linakata kona?

Mfano tunao hapa hapa Kigoma. Meli ya MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen. Kule waliifunga kwanza kwa bolti kuhakikisha kila kitu kinakaa, kisha wakaifungua. Makasha kama 5,000 yakaja kwa meli hadi Dar es Salaam, halafu kwa reli hadi huku. Ikaunganishwa upya na kuingizwa ziwani Februari 1915. Meli ya mita 71! Bamba lisipokaa ukiwa Kigoma, huwezi kurudi Papenburg kubadilisha. Na wewe jaribu mapema, wakati bado unaweza kumwambia mteja, "injini hii haiingii, chagua nyingine."

3. KUKATA, GUNDI NA RANGI

Hapa nitapita haraka, ila mambo haya ndo yanaharibu kazi nyingi:

- Kushusha paa: ukitaka kupunguza inchi 3 za gari halisi, kwenye 1/25 unakata milimita 3 tu. Weka alama kwa tepu kwenye nguzo zote, kata kwa msumeno mwembamba, kisha msasa wa maji.
- Gundi ya plastiki inafanya kazi kwa kuyeyusha plastiki. Haishiki juu ya rangi wala juu ya kromu. Kwangua kwanza sehemu ya kugusana.
- Supa gluu inatoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye vioo. Usiitumie karibu na kioo.
- Kromu usiyoitaka loweka kwenye jiki, inatoka. Vaa glavu, fungua dirisha, na jiki usiichanganye na kitu kingine chochote.
- Usipulize rangi siku ya mvua au ya unyevunyevu mwingi, inaweza kutoka na weupe. Siku ya upepo nayo acha. Huku mwaloni upepo unakuja na mchanga, na mchanga ukikaa kwenye rangi mbichi unaanza upya.
- Jaribu rangi mpya kwenye kipande cha fremu kilichobaki. Rangi kali juu ya rangi laini inakunjamana kama ngozi ya maziwa.

4. SASA PESA

Muuzaji anajisemea, "Kwenye boksi la pili nimetoa injini na matairi tu, basi nimtoze mteja injini na matairi." Hapo ndo mtaji unapokwenda.

Njoo mwaloni Kibirizi uone wanavyofanya mafundi wa injini za boti. Fundi akinunua injini mbovu ili atoe kipuri kimoja, pesa iliyomtoka ni ya injini nzima. Vilivyobaki vitakaa stoo, labda vitauzwa, labda havitauzwa. Na boksi lako la pili ni hivyo hivyo.

Chukua mfano huu. Bei ni za kujifunzia tu, weka za kwako:

Boksi mama: 90,000
Boksi la vipuri: 80,000
Usafiri wa maboksi: 40,000
Rangi, gundi, msasa: 35,000
Saa 30 za kazi kwa 4,000: 120,000
Kufungasha: 10,000
Jumla: 375,000, na faida bado.

Ukihesabu boksi la vipuri kwa 15,000 badala ya 80,000, umemzawadia mteja 65,000. Hiyo ni zaidi ya saa 16 za kazi yako bure, na ukitazama picha ya gari lililokamilika hutaona pengo lolote. Pengo litaonekana siku unataka kununua maboksi ya oda inayofuata, simu haina salio.

Kuna njia mbili za haki. Ya kwanza: umenunua boksi kwa ajili ya mteja huyu, analipa boksi zima, na vipande vilivyobaki mnakubaliana mapema ni vya nani. Ya pili: kipuri unacho stoo tayari, unamtoza bei ya kipuri. Kila kipande kinachobaki kiweke kwenye mfuko wake, andika skeli na kilikotoka. Kipande kisicho na jina kwenye stoo ni uchafu tu.

5. KUBALIANENI KWA MAANDISHI

Malipo ya awali yalipe angalau maboksi na usafiri. Kwa mfano wetu ni 210,000. Mteja akighairi, umebaki na maboksi ambayo hayakutoka mfukoni mwako. Lakini mweleze hilo kabla hajatuma pesa, siyo baada. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Habari dada. Gari lako litatumia maboksi mawili, yote skeli 1/25. Bodi ni Ford ya 1932, injini na magurudumu ni kutoka boksi la pili. Malipo ya awali ni 210,000, hayarudi nikishaagiza maboksi. Kabla ya gundi nitakutumia picha ya majaribio, uthibitishe. Baada ya hapo kubadilisha kitu kuna gharama. Tuko pamoja?"

Akijibu "sawa", hifadhi hiyo meseji.

6. TANGAZO NA KUFUNGASHA

Sema ukweli: "Limeundwa kwa mkono kutoka maboksi mawili." Usiandike kwamba ni toleo maalum la kiwanda. Mnunuzi anayejua atakuuliza mbele ya watu, na wengine wote watasoma. Tena kuundwa kwa mkono ndo sababu ya bei yako, usiifiche. Piga picha kivulini karibu na dirisha, weka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane.

Kutoka Kigoma mzigo unakwenda mbali. Funga chesisi kwenye kipande cha kadibodi kwa uzi laini, sponji iguse chini na ubavuni, isiguse vioo wala ekzosi. Kisha boksi ndani ya boksi. Litingishe. Ukisikia chochote, fungua upya.

Hata kama huuzi magari, kanuni ni hiyo hiyo. Umenunua roli nzima ya kitambaa kwa ajili ya mkoba mmoja? Umenunua kopo zima la rangi kwa ajili ya keki moja? Chukua oda yako ya mwisho leo, andika kila ulichonunua kwa bei yake kamili, siyo kiasi ulichotumia. Halafu linganisha na ulicholipwa.

Ukipata tofauti, iandike hapo chini tusaidiane. Na mshirikishe mwenzako anayepokea oda leo.