Mzee akibadilika, umwambie daktari nini?

Simu ililia saa nne usiku. Alikuwa mlezi katika makao fulani ya wazee jijini Nairobi. "Daktari, nyanya wetu ni mnyonge kidogo," akasema. Nikamuuliza kama ana homa. "La, hana." Nikaagiza apewe maji, nami ningefika asubuhi.

Asubuhi nilimkuta ajuza huyo wa miaka 84 akihema mara 32 kwa dakika. Ilikuwa nimonia. Ndipo mlezi akanieleza kwamba kwa siku mbili nyanya hakumaliza uji, alikojoa kitandani, na alimwita yeye mlezi kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Hakuyataja kwenye simu kwa kuwa aliyaona madogo. Nami sikuuliza.

Mpenzi msomaji, maradhi ya mapafu au ya njia ya mkojo yaweza kumshika mzee bila homa kali wala kikohozi. Dalili ya kwanza mara nyingi huwa ni kuchanganyikiwa, kuanguka, usingizi mwingi au kukataa chakula. Joto likipita nyuzi 37.8, kwake hiyo ni homa.

Anayeyaona mabadiliko haya mapema si daktari, bali ni yule anayemlisha na kumwogesha. Kwa hivyo usihangaike kutafuta jina la ugonjwa. Eleza mzee alivyo siku zote, kilichobadilika, na kilianza lini. Kabla ya kushika simu, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, mpime joto, mapigo ya moyo na presha, na sukari ikiwa ana kisukari. Uwe na orodha ya dawa zake, hasa iliyoongezwa juzijuzi. Kisha sema unachotaka: "Naomba uje umwone usiku huu." Mpangilio wa namna hii ulitoka katika nyambizi za jeshi la majini la Marekani, hospitali zikauiga. Wauguzi wengi huona haya kumwambia daktari hivyo, na haya hiyo tumeitia sisi wenyewe kwa kufoka tunapoamshwa.

Lakini mzee akishindwa kupumua, asipoamka akiitwa, au mdomo ukienda upande ghafla, usingoje daktari. Mkimbize hospitalini.

Nyanya yule alilazwa siku tisa. Siku hizi kando ya kitanda chake kuna daftari la shule, na mlezi huandika humo kila jioni: amekula kiasi gani, amelala vipi, na amemwita nani.