Je, Wajua? Nanaa haipozi kinywaji

Jani la nanaa halipunguzi joto la kinywaji hata kidogo. Ubaridi unaousikia mdomoni unaletwa na mentoli, kemikali inayoamsha mishipa ya fahamu ileile inayotambua baridi. David Julius na Ardem Patapoutian, walioshinda Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2021, waliitumia mentoli hiyohiyo kukitambua kipokezi cha baridi mwilini.

Basi jua la Februari likiwaka Dar es Salaam au Mombasa, tia nanaa kwenye juisi ya ukwaju, tunda ambalo wengi hudhani lilitoka India, kumbe asili yake ni Afrika. Loweka robo kilo katika lita moja na nusu ya maji ya uvuguvugu kwa nusu saa. Vuruga kwa mkono mpaka kokwa ziachane na nyama, chuja, kisha tia sukari. Nanaa usiichemshe, maana harufu yake huondoka na mvuke. Ifikiche kiganjani, itumbukize kwenye jagi, funika, uweke kwenye friji saa moja. Kwangu mimi, hakuna juisi ya dukani inayoifikia hii.