Kilimo Endelevu, Kilimohai na Mbegu Bora: Maneno ya Lengo na Maneno ya Sharti

Makala haya yanahusu maneno machache ya kilimo ambayo siku hizi yamejaa katika sera za wizara, katika mikataba ya makampuni yanayonunua mazao, na katika vijitabu vya mafunzo vya vyama vya ushirika. Maneno yenyewe ni kilimo endelevu, kilimohai, kilimo ikolojia na mbegu bora. Wengi huyatumia kana kwamba yote yana maana moja, yaani kilimo kizuri. Tunakusudia kuonyesha kuwa sivyo, na kwamba hasara ya kuyachanganya humwangukia zaidi mkulima aliyetia sahihi yake chini ya mkataba.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2021, wakati Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania iliporekebishwa na Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria. Neno ambalo zamani lilitosha kwa hotuba ya mkutano wa hadhara sasa linaweza kusomwa mbele ya hakimu, na hapo hapana budi liwe na mpaka unaojulikana.

Ili kuuona mpaka huo, tunapendekeza istilahi hizi zigawanywe katika mafungu mawili. Neno la lengo hutaja hali tunayotaka kuifikia. Neno la sharti hutaja jambo ambalo mkaguzi akienda shambani atalikuta au hatalikuta.

Tuanze na endelevu. Neno hili limeundwa kutokana na kitenzi endelea, kwa utaratibu ule ule uliotupa tulivu kutokana na tulia, sikivu kutokana na sikia, na vumilivu kutokana na vumilia. Kwa hiyo kitu endelevu ni kile chenye tabia ya kuendelea. Dhana yenyewe ilienea duniani baada ya mwaka 1987, wakati Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ilipoeleza kuwa maendeleo yanayofaa ni yale yanayokidhi mahitaji ya watu wa leo bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kukidhi ya kwao. Muundo wa neno hauna kasoro. Taabu yake ni kwamba mzizi huo huo ndio uliotupa maendeleo; hivyo msikilizaji asiyeelezwa huweza kudhani kuwa kilimo endelevu ni kilimo cha kimaendeleo, yaani cha matrekta na mbolea nyingi za viwandani. Mwalimu aeleze kuwa ni kilimo kinacholisha leo bila kuchosha udongo, kukausha maji wala kumfilisi mwenye shamba. Aidha, aeleze kuwa hili ni neno la lengo. Shamba lenye matuta ya kuzuia mmomonyoko na mbolea ya viwandani iliyotumiwa kwa kiasi huweza kuitwa endelevu, na neno lenyewe halitoshi kumwambia mkaguzi apime nini.

Kilimohai ni neno la namna nyingine. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana juu ya kiwango kimoja cha bidhaa za kilimo hicho, na alama ya bidhaa hizo ikaitwa Kilimohai. Ni fahari kwa lugha yetu kwamba alama inayobandikwa kwenye bidhaa katika nchi kadhaa imepata jina la Kiswahili. Lakini fahari hiyo ina masharti yake: mkulima hatumii mbolea za viwandani, hatumii viuatilifu vya kemikali za viwandani, wala hapandi mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Anayetaka kuuza Ulaya hukutana pia na sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, ambayo kwa kawaida hudai kipindi cha mpito cha angalau miaka 2 kabla ya kupanda mazao ya msimu, na miaka 3 kabla ya mavuno ya kwanza ya mazao ya kudumu kama kahawa. Katika kipindi hicho mkulima hubeba gharama zote bila kuruhusiwa kuuza mazao yake kama ya kilimohai.

Kati ya hayo mawili kuna kilimo ikolojia. Tanzania ilizindua mkakati wa kitaifa wa kilimo ikolojia hai mwaka 2023, na Kenya ikazindua mkakati wake wa kilimo ikolojia mwaka 2024. Muundo wa jina kufuatwa na jina si mgeni, kwani tunasema pia kilimo mseto na kilimo mkataba. Maana yake hupita mipaka ya shamba, kwa kuwa hugusa pia utamaduni wa chakula, ujuzi wa wenyeji na haki katika soko. Kwa upana huo, tunaliweka katika fungu la maneno ya lengo.

Upande wa mbegu, mchanganyiko ni mkubwa zaidi. Mbegu bora ni sifa tu; hata mbegu ya asili iliyochaguliwa vizuri na bibi kizee huweza kuwa bora. Mbegu iliyothibitishwa ni ile iliyokaguliwa na taasisi ya serikali yenye mamlaka hayo. Lipo pia daraja la mbegu za kuazimiwa ubora, ambazo huzalishwa na wakulima waliosajiliwa, mzalishaji akatamka mwenyewe ubora wake, na wakaguzi wakapima sehemu yake tu. Waliounda istilahi hiyo bila shaka walifuata azimio kwa maana ya tamko. Hata hivyo, mkulima husikia humo kuazima, akadhani ni mbegu za mkopo zitakazorudishwa baada ya mavuno. Kwa kuwa neno limekwisha kukaa katika ofisi, hatupendekezi lifutwe. Tunataka lifafanuliwe kila linapotajwa kwa mara ya kwanza.

Tuchukue mfano. Mkataba wa kigeni unadai mazao ya kilimohai, na mfasiri anaandika: "Mkulima atafuata kilimo endelevu." Mkulima anachimba matuta, anapanda miti, na kwa nia njema anaweka mbolea ya viwandani kidogo. Wakati wa kununua, mazao yanakataliwa. Hakudanganya, alitimiza lile aliloandikiwa. Kinyume chake nacho kina hatari: sera inayohimiza kilimo endelevu ikifasiriwa kuwa kilimohai, bwana shamba anaweza kuwakataza watu mbolea ambayo serikali yao haikuikataza.

Kwa hiyo tunawashauri wafasiri, walimu na watumishi wa serikali mambo matatu. Kwanza, endelevu litumike katika malengo na dibaji, na likiingia katika kifungu cha mkataba lifuatwe na orodha ya mambo ya kutenda. Pili, kilimohai liandikwe pale tu panapokusudiwa kiwango kinachokaguliwa, na kiwango chenyewe kitajwe. Tatu, katika hati yoyote yenye nguvu ya sheria, mbegu bora lisisimame peke yake bila daraja la mbegu kutajwa.

Wasomaji wanaokutana na maneno mengine ya mashambani yanayofaa zaidi kuliko haya, tunawaomba watuletee, pamoja na mahali yanapotumika na maana yake kwa wenyeji. Istilahi njema ya kilimo ni ile ambayo mkulima akisomewa mkataba ataweza kuuliza: "Hapa mnanitaka nifanye nini?", na akajibiwa kwa maneno yale yale yaliyoandikwa.