Wakili au Dalali? Ununuzi wa Ardhi Garsen na Tana River

Anayetaka kununua kiwanja mjini Garsen au shamba kandokando ya Mto Tana hukutana kwanza na dalali, kisha, pengine, wakili. Wengi huuliza ni yupi kati yao anayefaa. Makala hii inadhamiria kuonyesha kwamba kazi zao ni mbili tofauti, na kwamba katika Kaunti ya Tana River lipo swali linalowatangulia wote wawili: je, ardhi yenyewe inauzika?

Tuanze na maneno. Dalali na dalili ni ndugu, kwani yote yametokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuelekeza. Dalali, basi, humjua anayeuza, humleta anayenunua na kupatanisha bei. Wakili na wakala nao ni wa mzizi mmoja, wenye maana ya kukabidhiwa jambo. Undugu huo huleta utata, kwa kuwa mtu aweza kujiita wakili wa mwenye shamba ilhali ni mjumbe wake tu. Tunayemkusudia hapa ni wakili wa sheria, mwenye leseni ya mwaka husika.

Sheria za Kenya huwatenganisha wawili hawa. Wakala wa mali hutakiwa kusajiliwa chini ya Sura ya 533, lakini Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, haimruhusu asiye wakili kuandaa hati za kuhamisha ardhi kwa malipo. Aidha, Sura ya 23 hutaka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi na utiwe sahihi na pande zote mbele ya shahidi. Ikiwa ardhi ya kilimo imo katika eneo linalodhibitiwa, idhini ya bodi ya ardhi huombwa katika muda wa miezi sita. Pasipo idhini hiyo, mauzo ni batili.

Tofauti kubwa zaidi imo katika malipo. Dalali hupata chake mauzo yakitimia. Wakili hulipwa kwa kazi yake, hata ushauri wake ukiwa ni kutonunua. Ushauri huo una thamani kubwa huku Tana, ambako sehemu kubwa ya ardhi ni ya jamii, ikitumiwa na wakulima wa Kipokomo na wafugaji wa Kiorma na Kiwardei. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, ardhi ya jamii isiyosajiliwa huwekwa na serikali ya kaunti kwa amana, wala kaunti haina ruhusa ya kuiuza. Iliyosajiliwa haiuzwi ila kwa ridhaa ya angalau theluthi mbili ya wanajamii waliosajiliwa. Barua ya mzee mmoja, basi, si hatimiliki. Ikumbukwe kuwa uhasama juu ya malisho, maji na ardhi ulichangia mapigano ya mwaka 2012, yaliyoua watu zaidi ya 100 katika eneo hili.

Kwa kuhitimisha, dalali na atafute, wakili naye apekue sajili ya ardhi kabla ya senti kutolewa. Mnunuzi asitumie wakili mmoja na muuzaji, maana mtumishi wa mabwana wawili humsaliti mmoja. Zaidi ya hayo, hati nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Mnunuzi adai kufafanuliwa kwa Kiswahili kabla ya kutia dole gumba. Hapo ndipo sisi wanafunzi wa lugha hii tulipo na deni: istilahi za ardhi zinazoeleweka Garsen zingali zinatungoja.