Kiti 11A na Dirisha Lisilokuwepo

Juni 2025, ndege ya Air India ilipoanguka Ahmedabad, alinusurika abiria mmoja tu, naye alikuwa kiti 11A. Tangu hapo namba hiyo imepata wateja. Wanachosahau ni kwamba ile ilikuwa Boeing 787, ndege pana yenye njia mbili, na 11A yake ilikuwa jirani na mlango wa dharura. Lipia 11A kwenye Boeing 737-800 ya Ryanair, shirika la bei nafuu la Ulaya, uone: utakaa ubavuni mwa ukuta mtupu.

Mitambo ya kupoza hewa ya 737 imekaa tumboni mwa ndege. Hewa hupandishwa hadi darini kwa mabomba yaliyofichwa ndani ya ukuta, mbele kidogo ya bawa, na palipopita bomba hapakatwi dirisha. Ramani ya viti huenda isikwambie hilo.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kiti gani, uliza ndege gani. Aina yake huandikwa kwenye maelezo ya safari unapokata tiketi, ila wengi huyaruka. Mashirika ya bei nafuu hutumia zaidi Boeing 737 au Airbus A320, zote viti vitatu huku na vitatu kule. Airbus ni pana zaidi kwa ndani, kama sentimita 16. Ukigawa kwa watu sita, kila mmoja anaongezewa mbili na ushei. Ni kidogo, lakini aliyebanwa kiti cha kati kutoka Sharjah hadi Nairobi anaijua thamani yake.

Safu za milango ya dharura juu ya bawa ndizo zenye nafasi ya miguu, na ndizo ninazoona zinastahili pesa. Hapo napo pana siri. Ndege ikiwa na safu mbili za namna hiyo, viti vya safu ya mbele kwa kawaida havilali, maana vikilala vitaziba njia ya kutokea iliyo nyuma yake. Chukua ya pili. (Kwa Ryanair usijisumbue: viti vyao havilali popote.) Masharti nayo yapo: mtoto haruhusiwi, mjamzito haruhusiwi, na mkoba hauwekwi miguuni wakati wa kuruka na kutua. Ukikaa dirishani, wewe ndiye wa kufungua ikibidi. Kwenye 737-800 kilango hufunguka kuelekea juu chenyewe. Kwenye A320 nyingi unakibeba na kukitupa nje, nacho kina takriban kilo 15. Mwenye mgongo mbovu aseme mapema, wahudumu watambadilishia.

Safu ya kwanza husifiwa kupita kiasi. Unashuka mapema, sawa, lakini meza hutoka kwenye kiegemeo cha mkono, jambo linalopunguza upana wa kiti, na kila ulichonacho kinapanda kabatini juu.

Anayeogopa mitikisiko akae usawa wa bawa, ambapo ndege hucheza kidogo kuliko kwingine. Mkiani ni siti ya mwisho ya basi kwenye barabara ya vumbi, tena na foleni ya choo begani. Hata hivyo, uwanja wa ndege ukitumia ngazi za mbele na za nyuma, wa mkiani hushuka haraka kuliko wa katikati.

Kwa safari ya saa moja mimi silipii kiti. Nakipokea kinachotolewa bure. Kwa saa tano na zaidi, kama Dubai hadi Dar es Salaam kwa 737 za flydubai, nalipa. Asiyepata safu ya dharura atazame jua. Ndege ya asubuhi inayokuja kusini hupigwa jua upande wa kushoto, viti A hadi C. Ya alasiri inayorudi kaskazini hupigwa kushoto vilevile. Chagua F, kwenda na kurudi.