Mtoto Akitaka Kuruka Angani

Watoto wetu husema mambo makubwa. Mmoja anasema atakuwa rubani, mwingine daktari. Sisi wakubwa tunacheka, tunamwambia, "Haya, kachote maji kwanza." Maji lazima yachotwe, ndiyo. Lakini kile kicheko mtoto anakisikia vizuri sana, na siku nyingine hasemi tena.

Leo tunaeleza habari za mama mmoja ambaye hakunyamaza. Anaitwa Mae Jemison, Mmarekani mweusi, aliyezaliwa mwaka 1956. Baba yake alikuwa akisimamia matengenezo ya majengo, na mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alilelewa katika jiji la Chicago. Alipokuwa darasa la watoto wadogo, mwalimu alimwuliza atakuwa nani akikua. Akajibu: mwanasayansi. Eti mwalimu akamwuliza kama hakutaka kusema nesi! Unesi ni kazi ya heshima, nasi wengi tumezaliwa mikononi mwa manesi. Ubaya ni kulipunguza neno la mtoto kabla hajalijaribu. Yule mtoto akashikilia lilelile.

Baadaye akataka kuwa mwanaanga. Mwanaanga ni mtu anayesafiri kwa chombo kinachopita juu kuliko ndege zote, mpaka nje ya hewa tunayovuta. Je, alifikaje huko?

Hakuanza na chombo, alianza na vitabu. Aliingia chuo kikuu akiwa na miaka 16. Mwaka 1977 alihitimu uhandisi wa kemikali, na mwaka 1981 akawa daktari. Wakati akisomea udaktari alifika huku kwetu Afrika Mashariki, akafanya kazi na wale madaktari wanaowafuata wagonjwa kwa ndege. Kiswahili pia anakijua. Kisha akatibu watu Sierra Leone na Liberia mpaka mwaka 1985. Mwaka huohuo akaomba kazi ya uanaanga.

Januari 1986 chombo kiitwacho Challenger kililipuka kikiwa na watu saba. Wote wakafa. Kazi ya kuchagua wanaanga wapya ikasimamishwa. Wengi wetu tungesema basi, Mungu hakupanga. Yeye akaomba tena. Mwaka 1987 walichaguliwa watu 15 kati ya waombaji wapatao 2,000, naye akiwamo. Na kumbe ni mtu aliyekuwa akiogopa kupanda mahali pa juu!

Tarehe 12 Septemba 1992 aliruka, akiwa na miaka 35. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kufika huko. Walikwenda juu kiasi cha kilometa 300, yaani karibu mara tatu ya njia ya kutoka Same mpaka Moshi, ila hii ni ya kwenda juu tu. Walikaa siku nane wakichunguza mambo ya sayansi. Walikuwa hata na vyura, ili waone kama mayai ya chura yataanguliwa huko. Yakaanguliwa, viluwiluwi wakatoka. Wasimulieni watoto habari hiyo, watacheka, nao hawataisahau.

Sasa, lengo ni nini? Sisi wa Upare tunaijua ndiva. Kijito ni chembamba, na ukikielekeza moja kwa moja shambani, maji yanakunywewa na mfereji kabla hayajafika. Kwa hiyo tunayakusanya ndivani usiku kucha. Asubuhi tunafungua, mwenye zamu anamwagilia. Hamu ya mtoto ni kile kijito. Lengo ni ndiva: kazi inayojulikana, siku inayojulikana, na zamu ya mtu. Na ndiva ikijaa matope hatuihami, tunaitana kwenye msaragambo tukaizibue. Ndivyo alivyofanya yule mama baada ya mwaka 1986.

Jambo hili si la mchezo. Tunawajua wasichana wa huku milimani wanaomaliza shule, na wiki hiyohiyo anakuja mtu kuwachukua wakafanye kazi za ndani mjini. Msichana ambaye lengo lake linajulikana nyumbani, baba na mama wakiwa wamelisikia, ana neno la kujibu. Asiyekuwa nalo anafunga mzigo tu.

Basi, mkae na mtoto jioni moja, mwulizeni anataka kuwa nani. Msimpunguzie neno lake, hata kama ni kuruka angani, wala msimdharau akitaja fundi au mkulima wa tangawizi. Halafu mwulizeni swali la pili, nalo ndilo kubwa zaidi: "Utaanza na nini wiki hii?" Hapo atababaika. Msaidieni apate jambo dogo. Anayetaka udaktari anaweza kusema, "Mpaka Ijumaa nitajua jedwali la saba kwa moyo." Anayetaka kufuga anaweza kutunza mtetea mmoja na kuhesabu mayai yake.

Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tuna faida hapa. Chukueni karatasi, mwandike maneno ya mtoto kama alivyoyasema, na tarehe. Ibandikeni karibu na mlango. Ijumaa ikifika msomeeni, mwulize kama amefanya. Kama bado, andikeni tarehe nyingine. Kama amefanya, mpeni kalamu akate mstari yeye mwenyewe, halafu aseme la wiki ijayo.